Rimma Cherdintseva, Mcheza Ugenini

Kwetu Perm, Urusi, mtoto wa kike akiwa mdogo wa umbo na haogopi kuanguka, majirani hawachelewi kumwambia mama yake, "Huyu mpeleke kwenye barafu, apewe mwenzake." Miji mingine ina wasichana wanaoruka peke yao. Sisi tuna jozi: mvulana na msichana, yeye ananyanyua, huyu ananyanyuliwa, na wote wawili wanateleza kama wamefungwa uzi mmoja. Hivyo Rimma Cherdintseva wa mtaa wa Motovilikha alipopelekwa uwanjani akiwa na miaka sita, hakuna aliyeshangaa. Mshangao ulikuja baadaye.

Mama yake, Klavdia Yegorovna, alikuwa fundi wa lipu, mwanamke mwenye mikono mikavu na mdomo usiokaukiwa na maneno. Baba alikwenda kaskazini kwenye visima vya mafuta, akaandika barua mbili, ya tatu haikufika. Miaka ya tisini ilipoingia na viwanda vya Motovilikha vikaanza kulipa watu masufuria badala ya fedha, klabu ya barafu nayo ikasema haiwezi tena kufundisha bure. Klavdia hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu, Faina Lvovna, akamkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ambako lipu ilikuwa inabanduka vipande vipande.

"Mwalimu, ukuta huu unatia aibu," alisema. "Nikikupigia lipu vyumba vyote viwili, utanifundishia huyu mwaka mzima?"

Faina Lvovna alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukata kioo. Alimtazama Rimma, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. "Anaogopa kuanguka?"

"Haniogopi hata mimi."

"Basi lete ndoo yako."

Rimma akabaki. Akiwa na miaka kumi na mitatu akapewa Gleb, kijana mwenye mabega mapana na mizaha mingi, na kwa miaka mitano waliingia barafuni kila siku saa kumi na mbili asubuhi, wakati mvuke wa pumzi zao ulipokuwa mzito kuliko chai. Alirushwa, akaanguka, akarushwa tena. Nyonga yake ilikuwa ya zambarau tangu Oktoba hadi Mei. Lakini walipanda: wa kumi na mmoja katika Urusi nzima, wa saba, kisha wa nne.

Wa nne! Motovilikha walisherehekea. Lakini walioujua mchezo hawakusherehekea sana, maana wanaopelekwa Ulaya ni jozi tatu. Wa nne hubaki nyumbani akitazama televisheni kama watu wengine. Nchi nyingine angekuwa bingwa, angepigwa picha na waziri. Kwetu alikuwa msichana aliyekosa treni kwa dakika moja, kila mwaka treni ileile.

Halafu akarefuka.

Faina Lvovna alimwita baada ya mazoezi, akamsimamisha kwenye ule mlango ambao kila mtoto wa klabu alichorewa alama ya urefu wake kwa penseli.

"Umeongeza sentimita nne."

"Nne tu, Faina Lvovna."

"Sentimita nne ni kilo tano, na kilo tano ni mgongo wa Gleb. Kuna msichana wa miaka kumi na minne kutoka Chusovoy. Kuanzia Jumatatu atateleza naye."

Rimma alikuwa na miaka kumi na minane. Alivua viatu vyake vya barafu polepole, akafuta makali kwa kitambaa kama kawaida, akavifunga kwenye begi. Gleb alimngoja mlangoni, mara hii bila mzaha wowote.

"Usinichukie, Rim. Mgongo ni wangu."

"Na urefu ni wangu," alijibu Rimma, akapita.

Kwa miaka miwili alifundisha watoto wadogo kusimama bila kushika ukingo. Asubuhi sana, kabla ya watoto kufika, alikuwa akiingia barafuni peke yake kufanya mizunguko, na kwa kuwa mchezo wake ulikuwa wa watu wawili, alibaki kunyoosha mkono hewani mahali ambapo mkono wa Gleb ungekuwa. Mama mlinzi wa uwanja alikuwa akimtazama na kusonya kwa huruma.

Ni huyo mlinzi aliyepokea simu siku ile. Alikuja akikimbia na slipa zake.

"Rimma! Kuna mama anakutafuta, anaongea Kirusi kama mtu mwenye viazi mdomoni. Anauliza una urefu gani!"

Alikuwa Helve Lepik, mwalimu wa barafu kutoka Tallinn, Estonia. Alikuwa na kijana wa mita moja na sentimita themanini na nane, mwenzake wa kwanza aliacha mchezo kwa sababu ya goti, na nchi yake nzima haikuwa na msichana mwingine aliyekubali kurushwa. Alimwona Rimma kwenye mkanda wa video wa mashindano ya zamani.

"Nina mita moja na sitini na mbili," alisema Rimma, akiwa tayari kukatwa simu.

"Vizuri sana," alisema Helve. "Umechelewa wapi siku zote?"

Klavdia alimkaangia begi zima la vile vimaandazi vya nyama vya kwetu, vinavyomwagikia kifuani mtu asiyejua kuving'ata, akampandisha treni. Rimma alifika Tallinn baada ya siku mbili, shingo imekakamaa. Kijana alikuwa akimngoja kwenye barafu. Aliitwa Urmo Saarepuu. Alikuwa na nywele nyeupe kama katani na uso usioonyesha kitu. Alimpa mkono, hakusema neno. Waliteleza mizunguko mitatu wakiwa wameshikana, hakusema neno. Akamnyanyua juu ya kichwa kwa mkono mmoja, akamzungusha uwanja mzima, na Rimma, ambaye kwa miaka miwili hakuuona uwanja kutoka kule juu, alilazimika kufumba macho ili yasimsaliti. Urmo alipomshusha alisema kitu kimoja kifupi.

Rimma akamgeukia Helve. "Amesema mimi mzito?"

"Amesema 'vizuri'," alisema Helve. "Kwa Urmo hiyo ni hotuba."

Ilibaki karatasi. Mchezaji hahami nchi kama mtu anayehama chumba. Klabu aliyokulia lazima iandike kwamba inamwachia. Rimma alirudi Perm kuiomba, na Faina Lvovna hakuinua hata kichwa.

"Sikukulea uende kuwatelezea wale wala dagaa wa Tallinn."

Siku tatu Rimma alikaa kitandani akiangalia dari. Siku ya nne Klavdia alitoka kazini akiwa na nguo zake za chokaa, hakupita nyumbani, akaenda uwanjani. Rimma alimfuata mbio, akasimama nyuma ya mlango, akasikia yote.

"Faina Lvovna, binti yangu anahitaji karatasi yako."

"Nilimlea kwa ajili ya Urusi, Klavdia Yegorovna. Miaka kumi na miwili!"

"Ulimlea vizuri, sikatai. Kisha ukamweka kabatini. Una Gleb, una yule msichana wake mpya wa Chusovoy, una wengine sita hapo nje wanasubiri. Wenzako wa Tallinn hawana hata mmoja. Kabati lako limejaa sahani, jirani anaomba moja, unamfungia mlango?"

"Watu watasema Perm inauza watoto wake."

"Watasema Perm ina jozi mpaka inagawia majirani."

Rimma alisikia kiti kikivutwa.

"Akifika huko asianze kulialia," ilisema ile sauti ya kioo, lakini safari hii ilikuwa imepasuka kidogo.

"Atalia. Ila halii mbele za watu. Hilo wewe ndiye uliyemfundisha."

Faina Lvovna akatia saini.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema afanyeje yule ambaye kwao wamejaa wachezaji. Rimma alikwenda akaanza upya, na kanuni zikamtaka akae mwaka mzima bila kushindana. Alipanga chumba Lasnamäe, mtaa wa Tallinn wenye majengo marefu ambako nusu ya ngazi husalimiana kwa Kirusi, na angeweza kuishi humo miaka ishirini bila kujifunza neno la wenyeji. Helve alimkatia njia hiyo siku ya kwanza. "Nje ongea unachotaka. Kwenye barafu yangu, Kiestonia." Basi Rimma akajifunza lugha ambayo jina moja hubadilishwa mkia mara kumi na nne, kutegemea kama uko ndani ya kitu, juu yake, unakitoka au unakiendea. Alijifunza kwanza maneno ya barafuni: kushoto, nyuma, subiri, sasa, na "samahani", ambalo Urmo alilitumia kuliko yote mengine.

Asubuhi moja Urmo alimletea chupa ya kinywaji kizito cha rangi ya udongo, maziwa ya mgando yaliyokorogwa na unga wa nafaka za kukaanga.

"Kinaitwaje?"

"Kama."

Rimma alicheka hadi akakaa chini. Kama ni mto wa kwao, mto mpana unaopita chini ya Motovilikha; alijifunza kuogelea humo. "Urmo, umenipa mto wetu kwenye chupa!" Urmo akafikiri, kisha akasema kwa Kirusi chake cha shuleni, "Kunywa basi. Una protini." Ndiyo mara ya kwanza alipotania, na Rimma alimpigia mama yake simu kumweleza.

Mwezi wa nane wakiwa pamoja, Rimma alianguka vibaya. Urmo alimrusha kwa mizunguko mitatu, ukingo wa kiatu ukakosa barafu, na kidevu chake kikatangulia. Alishonwa nyuzi saba. Urmo alikaa kwenye korido ya hospitali akiwa na damu ya Rimma kwenye mikono ya sweta, na baada ya hapo, kwa wiki tatu, akawa anamrusha kama mtu anayeweka mtoto mchanga kitandani. Bila nguvu ya mvulana, msichana hawezi kumaliza mizunguko. Anatua katikati ya mzunguko wa pili kama gunia. Rimma alivumilia, akavumilia, mwishowe akasimama katikati ya barafu akapiga kelele kwa Kiestonia, mbele ya Helve na dereva wa mashine ya kulainisha barafu:

"Nirushe! Mimi siyo yai!"

Ila alikosea mkia wa neno, akasema "mimi simo ndani ya yai." Dereva wa mashine aliinamia usukani. Helve aligeukia ukuta. Urmo naye alianza kutetemeka mabega, na uso ule usioonyesha kitu ukafunguka wote, akacheka, machozi yakamtoka.

"Sawa," alisema akijifuta. "Toka ndani ya yai. Tunarudia."

Alimrusha. Rimma alihesabu moja, mbili, tatu, akatua kwa mguu mmoja, mgongo umenyooka, na akasikia makali yakichora barafu ule mlio mwembamba ambao mchezaji akishausikia hauhitaji jaji.

Mwaka wa tatu walikwenda mashindano ya Ulaya. Rimma aliingia korido ya wachezaji amevaa koti la buluu lenye jina la Estonia mgongoni, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Gleb, mwenye koti jekundu, msichana wa Chusovoy pembeni yake.

"Eti Rim!" Gleb alipaza sauti. "Nimesikia huko kwenu siku hizi ukishuka ngazi tu wanakupa medali. Jozi iko moja!"

"Ni kweli, tupo jozi moja," alisema Rimma. "Ndiyo maana hakuna wa kumwambia mwenzake amerefuka."

Yule msichana wa Chusovoy alicheka kabla hajajizuia. Gleb akakuna kichwa, akamkumbatia Rimma kwa mkono mmoja kama zamani. "Haya. Usianguke, dada."

Hakuanguka. Waliteleza dakika nne na nusu, na kwenye ule mrusho alikwenda juu kiasi kwamba Klavdia, aliyekuwa akitazama kwenye televisheni ya jirani kule Motovilikha, alisimama na kushika meza. Hawakupata medali. Gleb alipata shaba. Rimma na Urmo walikuwa wa tisa katika Ulaya nzima, na kwa Waestonia, waliokuwa hawajaona jozi yao ikiingia kumi bora tangu wapate bendera yao, wa tisa ilikuwa kama dhahabu. Helve Lepik, ambaye hakuwahi kuonekana akimgusa mtu, alimbusu Urmo kwenye kipaji cha uso, na kwa kuwa alikuwa mfupi, Urmo alilazimika kupiga magoti.

Rimma alikuwa akifungua viatu alipoona mbele yake buti nyembamba nyeusi anazozijua. Faina Lvovna alikuwa amekuja na jozi zake za Perm. Alisimama, mikono mfukoni.

"Mkono wa kushoto bado unaushusha ukitua," alisema.

"Ndiyo, Faina Lvovna."

"Nimekwambia tangu una miaka kumi na mitano."

"Ndiyo, Faina Lvovna."

"Basi uinue." Akainama, akamfunga Rimma zipu ya lile koti la buluu hadi chini ya kidevu chenye kovu, akaenda zake. Rimma alikaa pale muda mrefu na kiatu kimoja mguuni. Mwalimu yule hakuwahi kupoteza pumzi kumrekebisha mtu asiye wake.

Kwa mashindano ya Ulaya karatasi ya klabu ilitosha. Kwa Olimpiki ilitakiwa paspoti. Serikali ya Estonia iliamua kumpa uraia kwa mchango wake, bila mtihani wa lugha, ila sheria ya huko haimruhusu aliyepewa kubaki na uraia mwingine. Ama hii, ama ile. Rimma alimpigia mama yake, akaeleza.

"Hiyo paspoti nyekundu ya kwetu," aliuliza Klavdia, "imewahi kukunyanyua juu ya kichwa?"

"Mama, siyo mzaha. Nitakuja kwako kwa viza. Nitapanga foleni kuja nyumbani."

"Panga. Mimi nilipanga foleni ya siagi miaka kumi, nikaipata. Na wewe utanipata."

Aliirudisha paspoti ya Urusi siku ya mvua. Ile mpya alipopewa, ofisa alimwambia angeweza kusema kwa Kirusi ikiwa ni rahisi zaidi kwake, maana mtihani hakufanya. Rimma akamshukuru kwa Kiestonia, mikia yote mahali pake, akaongeza kwamba mvua ya leo ni nzuri kwa viazi, sentensi ya kwanza kabisa aliyojifunza kitabuni. Ofisa alikubali kwamba kweli ni nzuri.

Motovilikha habari hazikupokelewa vizuri na wote. Jirani wa ghorofa ya chini, Raisa, alimsimamisha Klavdia kwenye ngazi. "Mwanao ameikana nchi."

"Nchi ilikuwa na miaka miwili ya kumwona akiteleza peke yake saa kumi na moja alfajiri," alijibu Klavdia. "Wewe ulimwona? Mimi nilimwona. Kama unataka kuniona nina haya, Raisa, utasubiri sana. Jumamosi anateleza Olimpiki. Njoo, nitapika."

Na Raisa alikuja. Walikuja watu kumi na wanne kwenye kile chumba, wengine wamekaa juu ya radieta ya kupashia chumba joto. Mtangazaji aliposema "Estonia" palikuwa na mguno; aliposema "Rimma Cherdintseva, mzaliwa wa Perm," chumba kizima kilipiga kelele, na Raisa, wanasimulia, alipiga kuliko wote. Walimaliza wa kumi na nne kati ya jozi ishirini. Rimma alitua mirusho yote miwili. Mkono wa kushoto, kwa mara ya kwanza maishani, ulibaki juu.

Waliteleza miaka mitatu zaidi, hadi bega la Urmo lilipokataa. Watu wengi walidhani wataoana. Wao wenyewe walikuwa wakicheka wakisikia hivyo. Urmo alikwenda kuwa zimamoto, kazi ya kubeba watu ngazini, ambayo alisema ni rahisi kwa sababu huko hakuna anayekupa alama. Rimma aliolewa na Ants, yule dereva wa mashine aliyeinamia usukani siku ya yai. Wana mabinti wawili, na wote hawataki kabisa kurushwa. Mmoja anapiga chelo, mwingine anafuga sungura.

Lakini Lasnamäe sasa kuna jozi. Alianza na watoto wanne kwenye uwanja wenye paa linalovuja, akigonga milango ya wazazi ghorofa kwa ghorofa, kwa lugha zote mbili, akiuliza: una mtoto asiyeogopa kuanguka? Leo wako ishirini na wawili. Majira ya joto huwapeleka baadhi Perm wakafanye mazoezi na wenzao, naye hupanga foleni ya viza pamoja nao. Faina Lvovna, aliyestaafu na asiyestaafu, hushuka kuwatazama akiwa na fimbo, huwapigia kelele hata watoto wasioelewa neno la Kirusi, nao hunyoosha migongo mara moja.

Mwaka jana jozi yake ya kwanza ya vijana ilifuzu mashindano ya dunia ya umri wao. Alama zilipotoka, wale watoto wawili walirukia shingo yake hadi akapepesuka, akapoteza miwani, na mwandishi wa gazeti akamwekea kinasa sauti mdomoni kumwuliza anajisikiaje.

"Ngoja kwanza," alisema Rimma, akipapasa chini kutafuta miwani. "Nimwambie huyu binti kitu kuhusu mikono yake."